Pima Maji Kabla ya Kulipa: Mwongozo kwa Anayenunua au Kuuza Nyumba Dar es Salaam

Ukienda kukagua nyumba Dar es Salaam mwezi wa Agosti utakuta kila kitu kikavu. Mtaro hauna tone, uani pamefagiliwa, na mto ulio nyuma ya ukuta ni kijito unachoweza kukiruka. Dalali atakwambia hapa hapajai maji, na siku hiyo huoni cha kumpinga. Lakini hununui nyumba ya Agosti peke yake. Utalala humo Aprili masika yakiwa yamekolea, na Desemba vuli ikichelewa kuisha.

Mwongozo huu unakusaidia kujua, kabla hujatoa hata arbuni, maji yanafika wapi kwenye kiwanja hicho na yatakugharimu nini. Mwishoni kuna sehemu ya muuzaji, kwa sababu naye ana cha kupoteza akificha. Sheria zilizotajwa ni za Tanzania Bara. Msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Nairobi atafuata sheria za kwake, ila hatua za kukagua kiwanja hazibadiliki.

Kwa nini nyumba kavu jana inaweza kujaa kesho

Jiji hili limekatwa na mito mifupi inayoshuka haraka: Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Mbezi, Tegeta, Mpiji. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini kwenye Daraja la Salender. Mvua kubwa ikipiga huko juu, Jangwani inaweza kujaa hata kama Kariakoo mvua ilikuwa ya kawaida.

Huko juu nako hakuko kama kulivyokuwa. Kinyerezi, Segerea, Kimara na Goba kumejengwa. Maji ambayo zamani yalinyonywa na shamba la mihogo leo yanagonga bati na sakafu za saruji, kisha yanateremka yote kwa pamoja. Ndiyo maana mzee aliyeishi bondeni miaka 30 anaweza kukuapia kwamba maji hayajawahi kufika mlangoni, akawa mkweli, na bado yakafika mwakani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Jiji lilijaa tena Aprili 2014, Aprili 2018 na masika ya 2024. Ishike miaka hiyo kichwani, kwani utaihitaji ukianza kuhoji majirani.

Jua unaogopa maji gani

Watu husema “mafuriko” kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna aina nne, na kila moja ina dawa yake, au haina.

1. Mto kutoka nje ya kingo. Maji huja kwa kasi, mara nyingi usiku, na huondoka ndani ya saa au siku chache. Hapa kinachohatarishwa kwanza ni uhai.
2. Mvua iliyokosa njia. Mtaro umeziba, barabara imeinuliwa kuliko viwanja, au jirani amejenga ukuta kwenye mkondo. Utayaona haya Mikocheni na Msasani Bonde la Mpunga, mbali kidogo na mto wowote mkubwa. Mara nyingi yanatibika kwa mtaro na kalavati, mradi kuwe na mahali pa kuyapeleka.
3. Maji ya ardhini kupanda. Boko, Basihaya na sehemu za Mbezi Beach zina maeneo ambako maji yako karibu na uso wa ardhi. Masika yakikolea karo la choo hujaa kutoka chini, sakafu hutoa unyevu, na uani panaweza kubaki bwawa kwa wiki kadhaa. Maji haya hayabomoi nyumba kwa siku moja, ila huula msingi na hukufanya uite gari la kunyonya majitaka kila mara bila mafanikio.
4. Kingo za mto kulika. Hili ndilo wanunuzi wengi hawaliwazii kabisa. Nyumba iko juu, maji hayajawahi kuifikia, lakini mto unakula ukingo kila masika. Mito kama Mbezi na Tegeta imepanuka hivyo, na uchimbaji wa mchanga huongeza kasi. Nyumba ya namna hii haifuriki, inaanguka. Hakuna kuinua msingi kunakoisaidia, na mimi nisingeinunua kwa bei yoyote.

Karibu na mikoko na midomo ya mito ongeza la tano. Mvua kubwa ikikutana na maji bamvua, bahari huzuia mto usitoke, na maji hurudi nyuma mitaani.

Hatua za mnunuzi

Hatua ya 1. Angalia kiwanja kutoka juu ukiwa bado nyumbani. Fungua Google Earth kwenye kompyuta na urudishe picha za miaka ya nyuma. Tafuta kiwanja chako, kisha ukilinganishe na picha za zamani kadiri zinavyopatikana. Mto ulikuwa wapi? Palikuwa na bwawa, matete au mpunga mahali ambapo sasa kuna nyumba? Pima umbali kutoka ukingo wa zamani hadi ukuta na umbali wa leo. Ukipungua, hiyo ni aina ya nne. Jiji hili pia limechorwa na wanafunzi na wakazi wenyewe kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015. Mitaro na njia nyingi walizochora kwenye kata zinazofurika zinaonekana bure kwenye OpenStreetMap.

Hatua ya 2. Nenda mara mbili, na mara moja iwe mvua inanyesha. Kama uko kiangazi na unaweza kusubiri, subiri. Kama huwezi, hatua zinazofuata uzifanye kwa ukali zaidi. Siku ya mvua simama barabarani na utazame maji yanatoka wapi, yanaelekea wapi na yanakwama wapi.

> ONYO. Usiingie kwenye maji yanayokwenda kasi ili kukagua. Maji ya sentimita 15 tu yakiwa na kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuanza kusogeza gari dogo. Usiguse nguzo, mita wala waya kwenye maji.

Hatua ya 3. Soma kuta. Anzia chini, usianzie kwenye jipsamu na taa. Tafuta mstari wa tope au rangi iliyobadilika kwa usawa mmoja kuzunguka chumba. Gonga plasta ya chini uone kama imetengana na tofali, na uangalie unga mweupe wa chumvi. Angalia miguu ya fremu za milango kama imeoza au imebadilishwa. Fungua kabati za jikoni na upapase mbao za chini kwa ndani, maana wapaka rangi wengi huisahau sehemu hiyo. Rangi mpya inayoishia kiunoni, soketi zilizopandishwa juu ya kawaida, kizingiti cha saruji kwenye mlango wa mbele na matundu yaliyotobolewa chini ya ukuta wa fensi ni majibu ambayo mwenye nyumba hakukupa kwa mdomo.

Kisha toka nje ukasome nyumba za majirani, ambazo hazijaandaliwa kuuzwa. Kama jirani amejenga ngazi tano kuingia sebuleni wakati kiwanja ni tambarare, muulize sababu.

Hatua ya 4. Hoji majirani, bila dalali. Rudi siku nyingine peke yako au na mwenzako. Salimia, jitambulishe, kisha uliza kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ukiuliza “Je, hapa kuna mafuriko?” utajibiwa “Hapana, kidogo tu.” Uliza hivi:

> MASWALI YA JIRANI
> - “Shikamoo mama. Samahani, tunafikiria kuhamia hapa jirani yenu. Masika ya 2024 maji yalifika wapi? Naomba unionyeshe ukutani.”
> - “Yalikaa muda gani? Yalikuwa ya mvua au yalitoka chooni?”
> - “Mlihamisha vitu? Mlilala wapi?”
> - “Mtaro huu ulijengwa lini? Kabla yake ilikuwaje?”
> - “Kabla ya huyu anayeuza, nani alikaa hapa? Alihama kwa nini?”

Mpangaji ni shahidi mzuri kuliko mwenye nyumba, kwa kuwa hana bei ya kulinda. Bodaboda wa kijiweni anajua barabara ipi haipitiki na kwa siku ngapi. Mwenye duka la kona anajua alipandisha shelfu la chini mwaka gani. Waulize watu watatu wasiojuana sana, na wakitofautiana muulize wa nne.

Hatua ya 5. Hamisha alama ya maji hadi kwenye kiwanja chako. Ukishaonyeshwa alama kwenye ukuta wa jirani, usiikadirie kwa macho. Macho hudanganya sana kwenye ardhi inayoonekana tambarare. Mwite fundi ujenzi na mpira wake wa levo, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga wenye maji ndani. Kazi ni ya dakika chache:

1. Jaza maji kwenye mpira na uhakikishe hakuna mapovu ndani. Povu moja linaharibu kipimo.
2. Fundi ashike ncha moja kwenye alama ya mafuriko ukutani kwa jirani. Wewe simama na ncha nyingine pembeni mwa nyumba unayoitaka. Ncha zote ziwe wazi.
3. Pandisheni na kushusheni taratibu hadi maji ya upande wake yatulie sawasawa na alama.
4. Pima kwa futi kamba kutoka ardhini ulipo hadi uso wa maji kwenye ncha yako. Ikiwa ni sentimita 70, basi siku ile hapo uliposimama palikuwa na maji ya sentimita 70, yaani juu ya magoti.
5. Rudia kwenye sakafu ya sebule, kwenye mfuniko wa karo na kwenye mita ya umeme ya LUKU.

Mpira ukiwa mfupi, piga alama katikati kwenye mti au ukuta na uendelee kutokea hapo. Kwa umbali wa makumi machache ya mita kipimo hiki kinatosha kuamua. Ukizidi hapo, uso wa maji ya mto huwa na mteremko wake, hivyo mlipe mpima ardhi akupimie. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya nyumba.

Mimi hutaka sakafu iwe angalau nusu mita juu ya alama ya juu kabisa iliyoonyeshwa, kwa kuwa mafuriko yajayo hayalazimiki kuwa sawa na yaliyopita.

Hatua ya 6. Chimba shimo. Fanya hivi kama kiwanja kiko ukanda wa chini karibu na bahari, au kama karo linajaa maji. Kwa idhini ya mwenyewe, chimba shimo la mita moja na nusu, lifunike vizuri watoto wasitumbukie, na urudi kesho yake. Ukikuta uso wa maji uko karibu kuliko mita moja kutoka juu ya shimo wakati wa mvua, karo la kawaida halitafanya kazi hapo. Shimo likiwa kavu kiangazi halijathibitisha chochote. Likiwa na maji kiangazi limekwishakujibu.

Hatua ya 7. Pita ofisini. Hati miliki au leseni ya makazi inaonyesha nani ana haki kwenye ardhi hiyo. Haisemi kama pakavu. Kuna viwanja vilivyopimwa, vyenye bikoni na hati safi, ambavyo hujaa kila masika. Kwa hiyo pamoja na upekuzi wa kawaida wa hati:

- Kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, uliza kama nyumba hiyo imewahi kuwekewa alama ya X ya bomoabomoa, kupewa notisi, au wakazi wake kuandikishwa kama waathirika.
- Kwa maofisa mipango miji wa halmashauri, omba kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo. Angalia kama kiwanja kimechorwa kuwa makazi, au kimekatwa kutoka eneo la wazi, bonde au hifadhi ya mto.
- Kama mto uko karibu, ulizia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ndiyo yenye mito ya jiji hili.
- Ulizia wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kama barabara ya mbele itajengwa. Barabara ikiinuliwa nusu mita bila mtaro wa kutosha, nyumba yako inageuka shimo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaruhusu ardhi ya namna hiyo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zitembee mwenyewe kutoka juu ya ukingo, na kumbuka kwamba ukingo ukilika mita hizo zinapungua bila wewe kuhama. Desemba 2015 na Januari 2016 mamia ya nyumba zilivunjwa bonde la Msimbazi. Baadaye mradi wa kuendeleza bonde hilo ulilipa fidia kwa waliotakiwa kupisha, lakini usinunue nyumba kwa kutegemea kwamba utafidiwa.

Hatua ya 8. Hesabu, kisha ujadili bei. Andika gharama halisi: kuinua sakafu, kujenga mtaro hadi unakoishia, karo jipya lililoinuliwa, bima. Ukitaka bima ya nyumba, soma ndani ya mkataba kama neno mafuriko limetajwa. Bima ya moto peke yake haitakulipa godoro lililoloa. Jumla ya gharama hizo ndiyo hoja yako mezani, na ina nguvu kuliko kulalamika kwamba bei ni kubwa.

Makosa yanayorudiwa

*Kumwaga kifusi na kudhani umemaliza.* Kifusi kinainua kiwanja chako na kusukuma maji kwa jirani. Naye atamwaga chake mwakani. Bila mtaro wenye mwisho unaojulikana, mnashindana kuzamishana.

*Kujenga ukuta imara dhidi ya mto.* Ukuta wa tofali wa fensi haukutengenezwa kuzuia maji. Ukianguka usiku unaua, na uliosimama unaweza kuyafungia maji ndani yasitoke.

*Kuamini mtaro mpya.* Mtaro wa zege, kama ule uliojengwa kwenye Mto Ng’ombe, husaidia sana ukiwa msafi. Nenda uchungulie umejaa nini. Ukikuta chupa na mchanga hadi nusu, wewe umepewa nusu mtaro.

*Kulipa arbuni ili “kushikilia” nyumba kabla ya ukaguzi.* Ukishatoa pesa, macho yako yanaanza kutetea uamuzi wako.

Kwa muuzaji

Wengi huogopa kwamba kusema ukweli ni kuua biashara. Tazama upande wa pili. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ili mtu akubali kununua ni ulaghai, na mkataba uliopatikana hivyo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Kupaka rangi juu ya alama ya tope wiki moja kabla ya mnunuzi kuja ni jambo ambalo hutapenda kulieleza mbele ya hakimu.

Mnunuzi naye asilale. Sheria hiyohiyo inamnyima nafuu, katika baadhi ya mazingira, mtu aliyekuwa na uwezo wa kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida na hakufanya hivyo. Hatua nane za hapo juu ndizo uangalifu wenyewe, kwa hiyo weka picha na tarehe za ulichokagua.

Ukiuza, fanya haya:

1. Andika historia ya maji: mwaka, kimo, siku yalizokaa.
2. Kusanya picha na risiti za marekebisho, kama mtaro, karo na sakafu iliyoinuliwa. Nyumba iliyojaa 2018 ikarekebishwa na ikabaki kavu 2024 ina ushahidi ambao nyumba isiyo na historia haina.
3. Taja notisi au alama yoyote ya serikali, hata kama ilifutika.
4. Weka kifungu kwenye mkataba wa mauziano. Wakili atakinyoosha, lakini maudhui yawe haya:

> *“Muuzaji anathibitisha kwamba katika muda wote aliomiliki nyumba hii, maji yaliingia ndani mara ___ na uani mara ___, mara ya mwisho mwezi ___ mwaka ___, kwa kimo cha sentimita ___. Muuzaji anathibitisha pia kwamba hajapokea notisi ya kuhama, kubomoa au hifadhi, isipokuwa ___.”*

Wewe mnunuzi, mpe muuzaji kifungu hicho akijaze kwa mkono wake kabla ya siku ya kusaini. Anayeogopa kukijaza ana sababu.

Kata karatasi hii uende nayo

☐ Nimeona picha za zamani za eneo kutoka juu
☐ Nimefika mvua ikinyesha
☐ Nimekagua kuta, fremu, kabati na karo
☐ Nimehoji majirani watatu bila dalali
☐ Nimehamisha alama ya maji kwa levo. Sakafu iko sm ___ juu au chini yake
☐ Nimetembea hatua 80 kutoka ukingo wa mto
☐ Nimeona mchoro wa mipango miji na kupita serikali ya mtaa
☐ Njia ya kutoka na watoto usiku wa mafuriko ipo, nimeitembea
☐ Kifungu cha maji kimo kwenye mkataba

Kisanduku cha nane, cha njia ya kutoka usiku, ukishindwa kukijaza, usinunue, hata kama vingine vyote vimejaa. Na kama muuzaji anakataa ukaguzi, au anakuharakisha ulipe kabla masika hayajaanza, mwachie nyumba yake utafute nyingine.